Kuku Wangu Walipoanza Kula Mayai Yao

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu na usingizi unaupata. Sisi huku tunapumua, na mdogo wa wajukuu zako ameanza kutambaa.

Mama, kuku wangu wameharibika. Ni wale wa kutembea, nawafungulia asubuhi wachakure uani mpaka nyuma ya choo. Mvua ilipokuwepo hawakunisumbua: majani yapo, wadudu wapo, na jioni nawaongezea pumba, mashudu, dagaa wa kusaga na chokaa. Uwanja ulipokauka nikamwambia mume wangu chakula kiongezwe, maana wanadonoa vumbi tu. Akasema kuku wa kutembea hujitafutia, nisiwadekeze. Dagaa wakakoma, chokaa ikakoma, nikabaki na pumba tupu.

Mayai yakaanza kutoka na ganda laini kama ngozi. Kisha wakawa wanayatoboa na kuyala wenyewe, na kunyonyoana manyoya. Mume wangu akawatangazia majirani kwamba nina mkono mbaya.

Juzi mwenye duka la vyakula vya mifugo akanipongeza, kwamba kuku wangu lazima wamenona, kwa mifuko ya chakula anayobeba mume wangu. Nikamwambia kwangu haifiki. Akainamisha kichwa, halafu akanielekeza nyumba yenye geti la bluu anakoipeleka.

Nikaenda. Kuku wamejaa uani, vilemba vyekundu, manyoya yanang'aa. Aliyekuwa akiwamwagia chakula ni mdogo wangu, mama, huyo kitinda mimba wako, na tumbo limeshachomoza. Hakukimbia. Hata chombo hakukiweka chini.

Nilimwambia nitakuandikia wewe ujue. Akanijibu taratibu, "Dada, usijisumbue. Mama anajua. Alisema heri mimi kuliko mwanamke wa nje." Akaniambia pia kwamba mayai unayokula ni ya kuku wake, na unajua fika chakula chao kinatoka kwa nani.

Nilikaa chini pale pale getini.

Kuku nimewagawia majirani wenye cha kuwalisha. Nimehama na watoto, tuko chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali. Ningekuja nyumbani, lakini nilijiuliza utanikaribisha kwa chakula gani.

Pona mgongo, mama. Hilo nalitaka kweli. Msalimie baba, ila kama naye alijua, salamu zangu zibaki kwako.

Ni mimi,
Mwanao wa kwanza