Starlet Yangu Imeinua Mkia

Jumamosi, 6 Agosti 2005

Leo nimekuwa fundi! Khisa ameniinamisha kwa injini tangu asubuhi, kucha zangu ni nyeusi kama za mchoma makaa. Tumetoa kichungi cha hewa, tukakipigapiga kwa ukuta. Vumbi la Kitale nzima lilikuwa humo ndani. Plagi tumezisugua na msasa. Khisa anasema gari ni kama mtu mwenye mafua, ukimfungua pua atakimbia. Na yote bure!

Jioni tukaijaribu mpaka karibu na Kiminini. Mama yangu! Starlet yangu ndogo ya milango miwili — nimepita lori la mahindi kama limeegeshwa. Nilipiga nduru. Khisa alicheka mpaka akashika tumbo.

"Hii ni mwanzo tu," akasema. "Nipe wiki mbili. Utaringa hii town yote."

Wenzangu kliniki wanasema nesi hafai kukimbiza gari. Shauri yao. Nimeinunua kwa jasho langu. Na mchumba wangu ni fundi wa gereji — nitake nini tena?

Jumatano, 10 Agosti

Kiti cha nyuma kimetoka. Nilimwachia Khisa ufunguo nikaenda kazini, kurudi nakuta kiti kiko sebuleni kwangu kama mgeni. Gurudumu la spea pia. Ati uzito ndio adui wa mbio, na kutoa uzito ni bure. Ni kweli, nimeisikia ikiwa nyepesi kwa kona.

Majina na nembo pia amezibandua huko nyuma kwa maji moto na uzi wa nailoni. Rimu amezipulizia rangi nyeusi. Imependeza, siwezi kukataa. Imekaa kama gari ya mashindano.

"Sasa hata aliyeiunda akiiona hataijua," akasema.

Nikacheka. Kidogo.

Jumapili, 14 Agosti

Vioo vimekuwa vyeusi. Amebandika karatasi ya giza mwenyewe, kwa sabuni na kipande cha raba. Mikono yake ni ya ajabu, hakuna hata povu moja lililobaki.

Lakini nimeona ametoa pia taa ya buti, huko nyuma kwa mizigo. Nikamuuliza kwa nini.

"Inakula betri."

"Taa ndogo kama njugu?"

"Sweetie, ukitaka spidi kila kitu unakata."

 Taa hiyo huwaka tu buti ikifunguliwa. Spidi ya buti iliyofunguliwa ni gani?

Mama amepiga simu kutoka Matulo. Nyumba inapakwa rangi kwa sababu ya watu wa Khisa, wanakuja kuzungumza mahari tarehe kumi mwezi ujao. Ameshaalika wajomba wote. Ati nimchukue twende naye Bungoma kutafuta kitambaa cha nguo. Nikamwambia gari haina kiti cha nyuma. Akasema yeye hukaa mbele, tangu lini amekaa nyuma? Halafu akauliza, basi hiyo nafasi yote nyuma ni ya nini?



Jumatano, 17 Agosti

Springi mpya. Si mpya — za pikapu, ametoa kwa gari lililokufa huko gereji. Ameziweka nyuma tu. Ati sasa itashika barabara. Mimi naona inarukaruka kama mbuzi. Kwa matuta ya sokoni kichwa changu kiligonga paa!

Vivian wa maabara alikuja kuiona wakati wa chai. Kaka yake huko Moi's Bridge ana Golf ya kukimbia, kwa hivyo anajua kidogo. Alizunguka mara moja, akakunja mdomo.

"Gari ya mbio huwa imelala chini. Mbona yako imeinua mkia kama bata?"

Nikamwambia fundi ni Khisa, si yeye.

"Sawa," akasema. "Lakini springi ya pikapu hubeba. Haikimbii."

Nilikasirika. Sasa niko kitandani na bado nasikia hilo neno.

Ijumaa, 19 Agosti

Sisimizi! Msururu mzima kwa buti, wanaingia chini ya zulia na kutoka. Nikamuuliza Khisa. Ati alibeba chai kwa chupa ikamwagika.

Chai kwa buti?

Vivian anasema ni mwanamke. Ati mwanaume akichukua gari yako kila siku na kuirudisha imeoshwa, ni mwanamke. Nimekagua viti. Nikanusa mkanda. Nikatafuta unywele, hereni, chochote. Aibu gani hii, nesi mzima kunusa mkanda wa gari! Hakuna marashi. Kuna harufu ya gunia.

Ningekuwa nimepata hereni ningelia, basi. Sasa sijui nifanye nini.

Jumamosi, 20 Agosti

Nimechukua ufunguo. Nilimwambia taratibu, nataka kuizoea mwenyewe. Nilidhani tutagombana. Akaniwekea mkononi, akanibusu kwa paji la uso.

"Ni yako, Nasambu. Mimi ni fundi tu."

Haraka mno. Mtu anayependa hiyo gari vile, hata hakusita.

Jumatatu, 22 Agosti

Nilienda kazini kwa miguu, gari nikaiacha hapa kwa ploti, uani mwa nyumba za kupanga. Ufunguo kwa pochi, pochi kwa kabati ya kliniki, kabati na kufuli. Nikarudi saa ya chai ya jioni. Nikaweka mkono juu ya boneti.

Moto.

Nikauliza mama wa nyumba ya pili kama ameona mtu. "Si ni bwanako tu amekuja," akasema. "Ana funguo yake, ama?" Nikasema ndiyo. Kwa nini nilisema ndiyo? Nimemtetea kabla sijajua ninatetea nini.

Alhamisi, 25 Agosti

Siku yangu ya mapumziko. Niliamka nikaenda Tongaren kumwona senge, dada ya marehemu baba. Sikumwambia Khisa.

Nilipofika sokoni nikasimama mbele ya duka moja kubwa ninunue mkate wa senge. Vioo vyeusi, mtu wa nje hanioni. Sijazima hata injini. Mwenye duka akatoka na vijana wawili wa kubeba mizigo, bila salamu, wakaenda moja kwa moja nyuma. Nikasikia buti imefunguka.

"Khisa, leo umechelewa, bana! Na iko wapi sukari?"

Nikashuka.

Yule mzee mwenye duka aliniangalia kama ameona mzimu. Akafunga buti polepole, akaifuta kwa mkono, kama vile alikuwa anataka tu kutoa vumbi.

"Sasa, madam. Nimefananisha."

"Umefananisha na nani?"

"Gari ni nyingi siku hizi."

Gari ni nyingi! Nyeupe, haina jina, rimu nyeusi, imeinua mkia!

Nikanunua mkate. Maswali yangu yote mzee aliyakwepa, ila kijana mmoja wa mizigo alicheka, akasema ati bei ya ile ya kutoka Suam, mpakani na Uganda, ni nzuri kuliko hii ya kwetu. Mzee akamtuma ndani.

Senge aliniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema ni jua. Nimeendesha kurudi pole pole, lori zote zikinipita.  Sukari ya magendo ya mpakani! Kwa gari yenye jina langu. Akikamatwa, logi-buku ya gari ni yangu, kazi ni yangu, jela ni yangu. Yeye ni fundi tu. Alisema mwenyewe.

Na kila kitu nilimshukuru! Kiti — asante. Taa — asante. Springi — nilimpikia kuku.

Ijumaa, 26 Agosti

Sijasema kitu. Labda ilikuwa mara moja tu. Labda ana shida nyumbani.

Hapana. Springi hazikuwekwa kwa mara moja.

Jumamosi, 27 Agosti

Khisa amekuja na parachichi na nyama. Mchangamfu. Amekaa juu ya kile kiti cha nyuma hapo sebuleni, akaongea juu ya harusi, ati tutapamba Starlet na riboni. Nilikuwa namwangalia mdomo tu. Ni mzuri huyu mtu. Hiyo ndiyo shida.

Nikamwambia kesho naenda Matulo kumsaidia mama, ila nitapanda gari la kanisa na akina mama wengine, Starlet inabaki.

"Saa ngapi?" akauliza.

Baadaye, akiosha mikono: "Mnatoka mapema?"

Na akiwa mlangoni tena: "Na mtalala huko ama mtarudi?"

Hakuuliza mama anahitaji nini.

Jumapili, 28 Agosti

Sijaenda popote. Ploti ni kimya, watu wote wako kanisani. Alfajiri nilifungua boneti nikatoa waya mnene wa katikati, ule wa kupeleka moto kwa plagi. Nimeketi chini ya dirisha na pazia nimeliacha wazi kidogo.

Amekuja. Yuko na mwanaume simjui, mrefu, kofia ya sufu. Wamesimama nje ya geti. SMS yake imeingia sasa hivi: Mamii mmefika?

Nimemjibu: Tumefika.

Naona akiisoma. Ameonyesha mwenzake simu, wamecheka. Wameingia.

Ana ufunguo wake. Amefungua mlango wa gari kama wake, amekaa, amesukuma kiti nyuma. Anawasha. Haishiki. Anawasha tena. Yule mrefu anasonya.

Khisa amefungua boneti. Haijamchukua muda. Amesimama tu, mikono kiunoni, anaangalia mahali palipo wazi. Hakuangalia geti. Hakuangalia barabara, kama mtu aliyeibiwa. Amegeuka taratibu akaangalia nyumba yangu.

Ametoa simu.

Inalia! Hapa mezani — ningeizima, Mungu wangu, kwa nini sikuizima? Inalia na yeye anaisikia, ameishusha yake kutoka sikioni na bado anaisikia.

Anakuja.

Anabisha kwa kidole kimoja. "Nasambu." Sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba chumvi. "Lete waya."

Si samahani. Si kwa nini umenidanganya. Lete waya.

Mrefu anauliza kama waende tu. Khisa anamjibu, nasikia kila neno: "Ngoja. Atafungua. Huyu ni wangu."

Nimesukuma meza mpaka mlangoni. Naandika juu yake na wanasukuma mlango, inatikisika —