Ufa Katika Bustani ya Kasri

Observatory,
Johannesburg.
Jumatatu, 4 Machi 2024

Mpendwa Kaka Ildephonse,

Pokea salamu zangu pamoja na za shemeji yako Capitoline. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta hapo Rumonge ukiwa na afya njema, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo kwa mwili. Moyo wangu ndio uliokosa utulivu.

Juzi Jumamosi tulipokea mahari ya mwanao Sonia katika bustani ya kasri, pale ninapowatembeza wageni. Watu walipanda kutoka Hillbrow na Kensington, akina mama wamependeza kwa imvutano zao, yale mavazi ya sherehe ya kwetu. Ungejivunia binti yako.

Historia ya kasri hilo sikuwahi kukusimulia. Aliyelijenga alikuwa tajiri aliyekuja kutafuta dhahabu. Alichimba shimo refu mlimani, asipate kitu. Akalifunika kwa magogo, akamwaga udongo juu yake, akapanda majani na misonobari. Kisha akajenga minara miwili, ili wapitao watazame juu, wasitazame chini. Hiyo ndiyo bustani tunayoisifu. Magogo hayo yamekaa ardhini zaidi ya miaka mia moja, na mwaka huu mvua imekuwa nyingi.

Asubuhi ya hafla niliukuta ufa chini ya msonobari mkubwa. Nilidondosha jiwe, nikasubiri, sikusikia lilipoangukia. Nilimwendea Sonia nikamwomba tuhame. Alinishika mkono akicheka.

“Baba mdogo, vikwazo hivyo mwekee Octave.”

Kaka, unazijua desturi zetu. Mimi ndiye msemaji wa upande wa binti, na kazi ya msemaji ni kubuni vikwazo mpaka wakwe watoe bia. Niliposimama mbele ya wageni, niliwaeleza habari za shimo lile kwa maneno ninayokuandikia hapa, bila kuyapamba. Walipiga makofi. Kadiri nilivyosihi ndivyo walivyozidi kucheka, na mzee mmoja alifuta machozi akisema hajawahi kusikia kikwazo kitamu namna hiyo.

Octave, msemaji wa upande wa bwana harusi, alinyanyuka taratibu, akainama kwa heshima.

“Mzee wetu, ikiwa ardhi yenu imefungua kinywa, basi ina kiu. Nasi hatukuja mikono mitupu.”

Wakaleta kreti ya bia kuwa fidia, wakaiweka juu ya ufa wenyewe. Capitoline aliniambia njiani kwamba sijawahi kucheza vizuri kama siku hiyo.

Jana baada ya ibada nilirudi. Kreti imezama, imebaki kona moja tu juu ya majani. Nilipiga picha nikawatumia Octave na mwenye bustani. Octave amejibu kwamba upande wa binti una tamaa, tumeshainywa bia na sasa tunadai nyingine. Mwenye bustani naye amesema atamwaga kifusi.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe 16. Meza ya maharusi imepangwa chini ya msonobari ule, ili minara ionekane kwenye picha.

Sikutaka kukupigia simu. Umenisikia miaka mingi nikisema kwa niaba ya familia, na sauti yangu hata wewe ungeishuku. Ndiyo maana nimemkabidhi barua hii Nassir, anayesafiri kuja huko keshokutwa. Baba wa binti hasemi katika mchezo huu. Kwa hiyo neno lako ndilo pekee ambalo hakuna atakayelipigia makofi. Mpigie Sonia, Kaka. Mpigie mwenyewe, usimtume mtu, na umwambie ahamishe harusi.

Nisalimie Mama Sonia, Shangazi Thérèse na Joséline. Mungu aishikilie ardhi iliyo chini ya miguu ya watoto wetu mpaka sauti yako iwafikie.

Mdogo wako akupendaye,
Évariste