Kaka Yako Hajakusahau

Mtaa wa Noard 14,
Workum,
Friesland.

14 Septemba 2023

Mpendwa Shangazi Hiske,

Shikamoo. U hali gani, na hilo goti lako jipya la chuma linasemaje? Mumeo Mzee Rinse naye, bado anagombana na redio kila asubuhi? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kama kawaida yake, Durkje mke wangu ananitawala kwa upole, nami bado nafundisha watu kuendesha gari, mpaka mguu wangu unatafuta breki hata nikiwa mezani nakula.

Najua macho yako yameziruka salamu zote hizi yakitafuta jibu la barua yako ya Julai. Basi lichukue kwanza, kisha urudi usome taratibu: kaka yako hana ugonjwa wa usahaulifu. Daktari alituambia Jumatatu. Nilijikaza mbele yake kama mwanamume, nikaenda kulia garini.

Ulikuwa na haki ya kuogopa. Tangu uolewe uende Kanada, miaka sitini na mmoja, kadi ya Baba ya siku yako ya kuzaliwa haijawahi kuchelewa kukufikia, na mwaka huu tarehe kumi na moja Juni ikapita kimya. Ukaniandikia: "Wiebren, niambie ukweli. Kaka yangu ameanza kuondoka? Nije sasa angali ananijua, au nimeshachelewa?" Niliisoma barua hiyo mara tatu, kisha nikaifungia kwenye droo. Na hukuwa wa kwanza kusahauliwa.

Aprili jirani yake, Bi Feikje, alitimiza miaka themanini. Tulikaa duara sebuleni kwake kama ilivyo desturi, kila mtu na kahawa yake na kipande chake kimoja cha keki, tukapongezana mpaka mate yakatukauka. Kiti cha Baba kilikuwa kitupu. Mwenyewe yuko nyumba ya pili, anamenya viazi. Mei akaisahau siku ya kuzaliwa ya Durkje. Unamjua Durkje: hakusema neno, na huko kutosema kwake kulichukua wiki mbili. Juni ikawa zamu yako.

Durkje ndiye aliyelitamka. "Wiebren, baba yako anapotea."

"Amezeeka tu."

"Mzee anasahau miwani. Huyu anasahau watu."

Daktari wa hapa akatutuma kwenye kliniki ya kumbukumbu mjini. Kumbe pale kuna watu wa chuo kikuu wanaofanya utafiti juu ya wazee. Hawaangalii tu mzee amesahau nini. Wanataka kujua pia bado anaweza kubuni nini. Mtu kumbukumbu zikimpungua, je, kile kipaji cha kuzua jambo jipya nacho kinaondoka, au kinabaki? Walimwomba Baba ajiunge nao. Alikataa, kisha akakubali aliposikia kahawa ni ya bure.

Tulikwenda mwisho wa Julai. Tulipokewa na mtafiti kijana, jina lake Jorinde, mpole, mwenye viatu vya michezo. Akamsomea Baba maneno kumi, na baada ya nusu saa akamwuliza anakumbuka yapi. Baba alikumbuka saba. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni kimya nilikumbuka manne, na moja kati ya hayo halikuwemo. Akaambiwa achore saa. Akauliza kama kuna pima maji, maana meza yao imeinama. Mpaka hapo nikaanza kupumua.

Kisha Jorinde akasema, "Mzee Gerlof, sasa nakupa dakika tatu. Nitajie matumizi ya tofali, mengi kadiri unavyoweza. Lolote linalokujia, hata la ajabu."

Baba akamtazama. "Kujengea."

"Vizuri. Na lingine?"

Nikasikia mashine ya kahawa inanguruma huko nje.

"Kujengea," akarudia, safari hii polepole, kama anayemsaidia mtoto wa shule.

"Labda kitu kisichohusu ujenzi?"

"Hakuna."

Na dakika tatu zikaisha hivyo hivyo. Jorinde akaandika kitu, na uso wake ukawa wa upole zaidi. Shangazi, ule upole ndio ulionitisha. Hospitalini ukiona wameanza kukuonea huruma, jua mambo si mazuri. Baadaye aliniambia kwenye ujia kwamba kurudia jibu lile lile na kukaa kimya muda mrefu ni mambo wanayoyaangalia kwa makini, lakini nisiamue lolote, turudi baada ya wiki tano. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Njiani Baba alisema jambo moja tu: "Kunja kulia. Unaendesha kama wanafunzi wako."

Sitaki kukuficha. Wiki zile tano nilikwenda kwa siri kuangalia nyumba ya kutunzia wazee kule Bolsward, nikachukua na fomu yao. Nikaanza pia kumtega Baba, na kwa hilo naona haya mpaka leo. Naingia kwake na mkate, najifanya naongea tu.

"Baba, hivi leo siku gani?"

"Siku yako ya kurudi kwako mapema."

Tulirudi mjini mwisho wa Agosti. Kabla ya kumwita Baba ndani, Jorinde akapitia karatasi zake nami. "Hapa kwenye kazi mmeandika 'mstaafu'. Amestaafu kazi gani?"

"Alikuwa mwashi. Miaka hamsini na mmoja."

Akaweka kalamu chini. "Mwashi? Nami nikamwuliza habari za tofali?"

Ile fomu ya kliniki niliijaza mimi, Shangazi. Mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa. Na wewe unamjua kaka yako: mtu aliyemfukuza fundi mzima kazini kwa kulikalia tofali wakati wa kahawa. Kumwomba yeye akutajie matumizi mengine ya tofali ni sawa na kumwomba mchungaji wetu akutajie matumizi mengine ya Biblia. Akili yake haikukwama hata kidogo. Alikuwa anamstahi binti wa watu asimwambie kwamba swali lake ni la aibu.

Basi tukaingia. "Mzee Gerlof," Jorinde akasema, "tuachane na tofali."

"Ingekuwa vyema."

"Tuseme mpira wa ndani wa baiskeli. Umetoboka, haufai tena. Ungeufanyia nini? Dakika tatu."

Baba akavuta kiti karibu na meza. Laiti ungekuwepo! Kufungia mlango wa banda la kuku. Kukata pete za kufunika chupa za jamu. Kushikilia maharage kwenye miti yake upepo usiyaangushe. Kubandika chini ya viatu vya mbao visiteleze kwenye barafu. Kuzuia dirisha la juu lisigonge usiku. Kumvutia ndama anayezaliwa. Kutengenezea mkanda wa suruali wa mtu asiyejali watu watasema nini, na hapo akanitazama mimi. Kumfungia mgombea udiwani mpaka uchaguzi upite.

"Polepole, Mzee, naandika!"

"Dakika ni zako, binti, si zangu. Andika."

Yalifika ishirini na tisa. Jorinde alikuwa anacheka huku akiunyoosha mkono uliokufa ganzi. Lakini nilimwona anageuza ukurasa, na moyo wangu ukarudi chini, maana nilijua kinachofuata.

"Mzee Gerlof, nyumbani kwako wanasema mwaka huu umesahau siku za kuzaliwa za watu wa karibu. Jirani, mkwe wako, dada yako aliyeko Kanada."

"Sikuzisahau."

"Hukuzisahau?"

"Sijawahi kuzikumbuka. Hata marehemu mke wangu alikuwa hazikumbuki. Kuna kalenda ya siku za kuzaliwa chooni, ile ya kudumu miaka yote. Mtu unakaa, unasoma, unajua nani anazaliwa lini. Ndiyo kazi yake."

"Na iko wapi sasa hiyo kalenda?"

Baba akanyoosha kidole bila hata kugeuza kichwa. "Mwulize huyo."

Shangazi, Februari nilimpakia Baba rangi choo chake. Nilifanya kazi nzuri, ukiacha yale matone kwenye sakafu. Nikaiteremsha kalenda, ile ile ya Mama, yenye majina yenu nyote kwa mwandiko wake, nikaiweka garini isichafuke. Na pale garini ikabaki. Tulipotoka nje nilifungua buti palepale kwenye maegesho, na ilikuwemo, chini ya zile koni za rangi ya machungwa ninazowafundishia watu kuegesha, ikiwa na alama ya tairi la akiba katikati ya Novemba. Miezi sita na nusu nimekuwa nikizunguka Friesland nzima na kumbukumbu za baba yangu kwenye buti, huku nikimpeleka kwa wataalamu wakazitafute kichwani mwake.

"Kwa nini hukusema kwamba haipo?" nikamwuliza.

"Nilidhani mmeiondoa kwa kuona nimefika umri wa kupumzishwa mambo ya keki. Nikasema, wana huruma, waache."

"Si ungeuliza tu, Baba!"

Alifunga vifungo vya koti lake vyote kwanza. "Na wewe mbona hukuniuliza mimi, ukaenda kumwuliza daktari? Nilikuwa nyumbani siku zote hizo."

Tulikuwa tumemzunguka miezi mitatu tukinong'ona, mimi na Durkje, tukimhesabia makosa yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyevuta kiti akamwuliza, Baba, kulikoni? Tulikuwa tunaogopa jibu. Unamtega mtu kwa tarehe za siku ili usije ukamwuliza swali lenyewe.

Daktari hakutuahidi milele, nami sitakudanganya. Baba ana miaka themanini na miwili. Majina ya watu yanamjia kwa kuchelewa, na ataangaliwa tena mwakani. Jorinde naye anasema utafiti wao bado unaendelea. Wao wenyewe hawajui kwa nini ubunifu unakaa kwa mzee mmoja na kumkimbia mwingine. Lakini karatasi ya daktari inasema akili yake ni ya umri wake, na penginepo ni bora. Ile fomu ya Bolsward nimewashia jiko. Na wamelibadilisha lile swali: sasa mzee anaulizwa kwanza alikuwa akifanya kazi gani. Baba anadai yeye ndiye mtafiti mkuu pale.

Juzi alikuja kwetu na keki ya Durkje ya mwezi wa Mei. Nzima, Shangazi, si kipande. Durkje alilia juu ya sahani, kisha akanigeukia mimi, na kimya cha safari hii naona kitafika Krismasi. Kadi yako nayo imo humu ndani, nyuma ya barua hii. Sijaisoma, ila nilimsikia akiuliza neno "mzembe" linavyoandikwa, na ninashuku si wewe uliyekusudiwa.

Sasa lile swali lako, kama uje au umechelewa. Sikutaka kulijibu kwa niaba yake. Somo hilo nimelilipia. Jana nilikaa naye mezani kwake nikamsomea barua yako yote, hata pale ulipoandika "angali ananijua". Alinyamaza muda mrefu. Zamani ningehesabu dakika. Safari hii nilijimiminia kahawa, nikangoja.

"Mwambie asije sasa," akasema mwishowe. "Akija sasa atakuja kuaga. Aje Mei, maharage yakipandwa, aje kufanya kazi. Na mwambie asinitege kwa maswali. Ya mwaka huu nimeshayamaliza yote."

Kisha akachukua penseli akaenda chooni kuandika kwenye kalenda ya Mama, mwezi wa Mei: Hiske anakuja.

Msalimie sana Mzee Rinse, na binamu zangu Wytske na Jelmer pamoja na watoto wao. Durkje anakusalimu, na Bi Feikje pia, ambaye amekwisha kumsamehe Baba, ila mimi bado hajanisamehe. Mungu alilinde hilo goti na mwenye nalo, awafikishe nyote salama huo mwezi wa Mei.

Wako akupendaye, mpakaji rangi mzembe wa familia,

Wiebren