Ndege Niliyemwona Mimi Kwanza

Mwaitu, mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote hapo Kambu. Je, goti limepoa, ama bado unaenda shambani ukichechemea? Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho imechoka, na nisipokueleza wewe nitamweleza nani?

Huu ndio mwezi ndege wa nchi za baridi wanafika huku pwani. Jumanne asubuhi, maji ya bahari yakiwa yametoka, nilikuwa zamu kwenye geti la ufukoni hapa hifadhini. Wakatua kwenye matope, wengi kweli, miguu myembamba, wanadonoa kama kuku walionyimwa mahindi. Mmoja alikuwa na pete ya njano mguuni. Nikachukua darubini ya geti, nikasoma herufi zake tatu, nikaziandika kiganjani. Mama, pete kama hiyo huonyesha ndege ametoka nchi gani, na hapa haikuwahi kuonekana hata moja.

Nikakimbia ofisini kwa msimamizi. Hata hakuinua kichwa.

"Mutheu, kazi yako ni geti. Ndege tuachie sisi tuliosomea."

"Lakini herufi nimezisoma, bosi. Hizi hapa."

"Nenda ukanawe mikono."

Alhamisi akaja mgeni na kamera kubwa, akampiga picha ndege yuleyule. Herufi zilezile! Msimamizi akamnunulia soda, akaandika jina la huyo mgeni kwenye kitabu cha hifadhi kwamba ndiye wa kwanza kumwona. Nilibaki nimesimama hapo.

Msimamizi alipoenda kula mchana, niliingia nikafungua kitabu, nikaandika juu ya jina la mgeni: Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Mutheu wa geti. Sikujificha. Aliporudi alinikuta bado nimeshika kalamu.

Maandishi yangu hakuyakata. Lakini tangu Ijumaa amenihamishia geti la barabarani. Huku ndege ni kunguru tu, na malori yananimwagia vumbi kutwa nzima. Jana mwenzangu wa ufukoni alinipigia simu kwamba kundi lingine limetua. Nilikaribia kulia.

Nisalimie shangazi Kalondu anayeuza ndengu sokoni, na mchungaji wetu. Kaka Musyoka, fundi wetu wa baiskeli, mwambie asianze kusema nirudi nyumbani. Kesho nitamwomba msimamizi anirudishe ufukoni. Akikataa, kesho kutwa nitaomba tena.

Binti yako anayekupenda hata akiwa amenuna,
Mutheu