Ufuo Usio na Geti

Gishubi, Gitega,
Burundi.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Adventina,

Pokea salamu zetu kutoka huku milimani, ambako mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika nguo. Waendeleaje huko Norwei? Shemeji Olivier amepata nafuu ya mgongo? Na Arielle, meno ya mbele yameota, au bado anapiga miluzi akitamka "shikamoo"? Sisi tu wazima. Mume wangu Kastori alishikwa na malaria mwezi uliopita, akapona, na sasa amerudi kudai chakula kama kawaida yake.

Nimeona niandike, maana kwenye simu wewe hulia na mimi hukubali.

Picha na video za fukwe tatu ulizotuma, ili tuchague pa kukutana sisi, wewe na Mama, nilizipata. Nilipanda basi hadi Giteranyi kumwonyesha Mama mwenyewe. Nilimkuta nyumbani kwa kaka Longino akipepeta mtama. Akanawa mikono, akavaa miwani, akakaa sawasawa.

Ufuo wa kwanza, ule wa hoteli kubwa kaskazini mwa Unguja uliousifu kuliko yote, aliupenda mchanga wake. Alicheka sana kuona watu wazima wamejianika juani kama muhogo. Kisha video ikafika pale mgeni anapopokelewa getini. Mlinzi anamfunga kamba ya plastiki mkononi, na msichana wa hoteli anaeleza kwamba ukiwa nayo unakula na kunywa bila kuulizwa, ila usitoke nje ya uzio bila mwongozaji. Mama akanirudishia simu.

"Hiyo nilishaivaa," alisema. "Nendeni ninyi."

Wewe huwezi kukumbuka, wala sikulaumu. Ulipoondoka na shangazi Christina kwenda kutibiwa, hata kusema vizuri ulikuwa hujaanza. Mimi nakumbuka. Kule Ngara, kwenye kambi ya wakimbizi, siku ya kuhesabiwa, walitufunga kamba kama hiyo, na ndiyo iliyotupatia unga na maharage. Kwenda mbali na kambi kulitaka karatasi ya ruhusa. Mama alikaa Tanzania miaka kumi na miwili, na mpaka leo majirani wa Giteranyi humuuliza bahari ikoje. Angeionea wapi?

Kaka Longino alinuna. Alisema Mama anadeka, na mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia mimi huchagua jembe kila msimu, na maharage yangu yeye huyala bila kuuliza yamelimwa kwa jembe gani. Lakini akikupigia kukuambia kwamba Mama amekubali hoteli, usimsikilize, hajakubali.

Nilirudi Gitega na hasira zangu, nikaenda sokoni kwa Birindwa, Mkongomani anayeuza vitenge. Yeye hufuata mzigo Dar es Salaam na amewahi kuvuka hadi Unguja. Nilimweleza yote, akazitazama picha zako polepole. Ufuo wa pili, wa Bagamoyo, alisema ni mzuri kwa mtu wa kusali, maana misheni iko karibu na maji. Alipofika kwenye picha za ufuo wa tatu, Jambiani huko Unguja, akaweka mita yake chini.

"Mama muzee umupeleke hapa," alisema. "Maji inarudi mbali sana, anatembea mu mchanga mupaka kule. Pale kuko wamama wanalima mwani. Hakuna mutu atamuuliza unaenda wapi."

Jioni ile nilimpigia Mama nikamwambia maneno hayo kama yalivyo. Akauliza kama mwani nao hupaliliwa. Nikajua tumempata.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nasema nikiwa dada yako mkubwa, na katika hili sirudi nyuma: ile hoteli ifute. Tafuta nyumba ya kupanga Jambiani, yenye mlango ambao ufunguo wake tutakaa nao wenyewe. Tukianzia Bagamoyo siku ya Jumapili, Mama asali misa, itakuwa vizuri zaidi. Ufuo wa nne usinitumie.

Najua ulitaka Mama asipike wala asioshe hata kikombe, na ndiyo sababu hukutaka mkutane Giteranyi, ambako angekuhudumia wewe. Nia yako ni njema, nami nakupenda kwa ajili yake. Tutapika mimi na wewe, Olivier ataosha vyombo, na mgongo wake usiwe kisingizio. Lakini kwenye lile geti sitampeleka. Miaka yote hii umengoja kumshika Mama mkono, Adventina. Usiushike ukiwa umefungwa kamba.

Pasipoti yake imetoka. Kwenye picha amekunja uso kana kwamba mpiga picha alimwibia kuku, lakini ameifunga ndani ya kitenge kipya na hataki Longino aiguse.

Nisalimie shangazi Christina, shemeji Olivier na Arielle wetu. Kastori anawasalimu, kaka Longino naye, akiwa bado amenuna. Mungu aliyekutunza ugenini akufikishe salama machoni pa mama yako.

Mama mwenyewe anakusalimu. Amesema nikuandikie hivi, nisiongeze neno: "Nikifika kwenye huo mchanga nitatembea mpaka nichoke mwenyewe, ndipo nigeuke."

Wako akupendaye, asiyekusahau,

dada yako Jeska