Nilipunguza kitanda cha mama mkwe kwenye kompyuta

Mshauri wangu, salamu nyingi, naomba unisaidie, na ukicheka sitakulaumu, maana ningekuwa si mimi hata mimi ningecheka.

Ni mchora ramani za nyumba, mwaka wa kumi na tatu sasa, mtaani wananiita Mhandisi ingawa si mhandisi na sijawahi kumsahihisha mtu, na mwaka huu mke wangu alisema mama yake magoti yamechoka, aje akae kwetu, nikasema karibu kabisa, chumba nitamchorea mwenyewe, tukakubaliana tukate sebule kwa ukuta mmoja, huku chumba cha mama, kule meza yangu ya kazi. Sasa mama ana kitanda cha mbao alichotengenezewa na marehemu mumewe, urefu mita mbili na sentimita ishirini, nilikwenda kukipima kwa mkono wangu, sina pa kujifichia, na nilipokichora kikagoma kuingia, kwa sababu chumba nilikuwa nimekipa upana wa mita mbili tu, na ukikigeuza upande wa pili kinazuia mlango.

Dawa ilikuwa kusogeza ukuta. Kwenye programu ya kuchorea ni kazi ya sekunde chache, unachagua ukuta, unaandika namba mbili za milimita, ya kwanza umbali wa kwenda kulia, ya pili umbali wa kwenda juu, unaandika mia tatu na sifuri na ukuta unahama sentimita thelathini bila mtu kutoka jasho, lakini zile thelathini zilikuwa za meza yangu, na meza yangu, mshauri, naipenda, basi nikachagua kitanda badala ya ukuta, nikabonyeza kubadili ukubwa, nikaandika sifuri nukta tisa, kitanda kikanywea mpaka mita moja na tisini na nane, mto wa kulalia nao ukanywea, nikakisogeza kwa namba kumi na sifuri kibaki na sentimita moja kila upande, nikajisifu kwa usafi wa kazi. Nilijiambia ni ya muda tu, nitarekebisha kesho. Mwashi akaja kabla ya kesho.

Jumapili kitanda kikaletwa, wabebaji wakakiingiza hivi, wakakiinamisha vile, mpaka mmoja akauliza, "Bosi, hiki ndicho kilichopimwa?" Mke wangu akanigeukia: "Baba watoto, si ulipima?" Nikasema nilipima, ila mbao zimevimba kwa unyevu wa njiani. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Na kwa kuwa mimi ndiye Mhandisi, wakaniamini! Mama mkwe akakifungua kitanda, tangu siku hiyo anaanika mbao uani, anazigeuza jua linavyozunguka, na jana aliniita, "Mwanangu, njoo upime, nadhani zimeanza kupungua," nikaenda, nikapima, nikasema, "Kidogo, mama." Usiku analala kwenye godoro chini sebuleni, akiamka lazima ashikwe mikono miwili. Sasa amekubali seremala aje Jumamosi akikate kitanda upande wa miguuni. Amesema marehemu atamwelewa. Nifanyeje?

Mimi, Mhandisi wa Uongo

MSHAURI ANAJIBU

Mhandisi, seremala anakuja Jumamosi na gazeti hutoka Jumapili, kwa hiyo nilikupigia simu. Wasomaji nao wasikie nilichokuambia.

Nimekuonea huruma kwa dakika moja hivi. Kisha nikafika pale ulipopima mbao na kusema "kidogo", huruma ikaisha. Kukosea namba ni jambo la kazini, kila fundi amewahi kukosea. Wewe hukukosea. Ulijua kitanda kina urefu gani na ukajua ukuta uhamie wapi, ukaona heri mjane alale kwenye kipimo cha uongo kuliko meza yako isogee. Halafu unamwachia marehemu ndiye aelewe!

Nilikuambia: zuia msumeno leo hii, kisha nenda uani ukamwambie mama mwenyewe, kabla ya mke wako, maana mbao anageuza yeye. Usiseme "kulitokea tatizo la programu". Sema "mimi". Ukakata simu, ukaenda.

Jana umenipigia kunieleza. Ulimwambia, "Mama, mbao hazikuvimba. Nilikipunguza mimi, kwa ajili ya meza yangu." Akaketi juu ya mbao, akasema, "Siku zote hizi nazungukia jua kwa magoti haya." Ukaomba radhi. Akataka miwani yake. "Lete hiyo kompyuta. Nionyeshe ulivyonipunguza." Ukamwonyesha. "Kirudishe," akasema, nawe ukaandika moja nukta moja, ukidhani uliyempunguzia sehemu moja ya kumi ukimwongezea sehemu moja ya kumi mmemalizana. Lakini mama huyu ameshona nguo miaka arobaini. Akasogeza uso kwenye kioo, akasoma: mita mbili, kumi na saba na ushee. "Bado umekula sentimita mbili," akasema. "Ziko wapi?"

Umeniambia mke wako alicheka mpaka akashika mlango, kisha akakununia, na mpaka leo hakusemeshi. Anayo haki. Usimbembeleze kwa maneno, bomoa ukuta. Mwashi aje Jumatatu, ukuta usogee zile thelathini zote, usipunguze hata moja, na mpaka chokaa ikauke godoro la chini ulalie wewe, mama apewe kitanda chenu. Kitanda chake mkikiunga tena, kaza kila msumari mwenyewe. Na akikuita upime kitu chochote humo ndani, mpe yeye futi. Wewe shika ncha ya pili.