Reli Moja, Mafundi Watatu

Jumanne, 3 Juni 1986

Sikukuu imeisha, kazi imerudi. Leo Laini Saba, kando ya njia ya gari moshi. Fomu kumi na moja za takwimu nimejaza. Miguu inawaka! Kitabu cha namba kwapani kama Biblia — kila biashara lazima ipate namba yake humo. Kinyozi, namba. Fundi cherehani, namba. Hizo ndizo wakubwa ofisini hujumlisha wajue nchi imezalisha nini mwaka mzima. Asiye na namba hajazalisha kitu. Hayumo.

Senge Nasipwondi, dada ya baba, ninayekaa naye mtaa wa pili, Lindi, anauza uji hapo hapo. Akataka yake. Nikapekua: mikahawa na hoteli. Alicheka mpaka akaketi chini. Sasa anaita wateja, karibuni hotelini!

Asubuhi nimemwandika Shivachi. Anatengeneza majiko kwa mapipa ya zamani. Vyuma vya miguu ya jiko anavichoma kwanza kwenye makaa, halafu anavikunja juu ya kipande cha reli. Sikuuliza kimetoka wapi. Alidhani mimi ni kanjo, wale askari wa jiji wanaofukuza wachuuzi, akaanza kukusanya vitu. Nikamfungulia kitabu: wewe ni kiwanda, bidhaa za chuma. Akaviweka chini vitu vyake. Akauliza kama sasa Kenya nzima itajua. Jina lako hapana, nikamwambia, lakini majiko yako yatahesabiwa.

"Basi andika vizuri," akasema.

Jumatano, 4 Juni

Nimerudi pale mchana, nilisahau kumwuliza Shivachi ana miaka mingapi kwa kazi. Hayupo! Reli ni ile ile, lakini anayegonga ni mwingine — Okoth, mrefu, mdomo haulali. Masanduku ya bati ya shule.

"Shivachi ni wa asubuhi, madam. Kutoka saa sita reli ni yangu. Saa tisa Ndeti anaingia na baiskeli zake. Tulichanga, sisi watatu."

Kila mtu na bidhaa zake, wateja wake, nyundo yake. Hakuna anayemwajiri mwenzake. Kilicho cha wote ni ile reli tu, na hawajawahi kugombana. Akimaliza mtu anafagia, mwenzake anakuta pasafi. Nimeipenda sana hiyo.

Nikamngoja Ndeti, nikajaza fomu zao mbili; na ya Shivachi, tatu. Nikajiona hodari.

Ijumaa, 6 Juni

Balaa. Bwana Mburu, msimamizi wetu, ameniita mbele ya makarani wote. Fomu tatu, mahali pamoja, mbili namba moja! Ati nilizibuni nikiwa nimekaa kwa uji. Ati kuna karani aliyefukuzwa mwaka jana kwa mchezo huo huo.

Nikaeleza. Hasikii. Huyu mzee ana ploti Kawangware alizoachiwa na babake, na dunia yote anaiona kwa ploti: ploti moja, mwenyewe mmoja. Kama kuna wengine hapo basi ni vibarua wa Shivachi, au hawapo kabisa. Fomu ya Okoth, mstari mwekundu. Ya Ndeti, mstari mwekundu. Masanduku yote yale, hayakutengenezwa na mtu!

Na mwisho wa mwezi makarani watano kati yetu kumi na wawili wataandikwa kazi ya kudumu. Nilikuwa nimeshaanza kujihesabu kati ya hao watano.

Nimelia chooni. Halafu hasira zikanishika. Nikanawa uso, nikarudi kwake, nikamwambia njoo uone mwenyewe. Mdomo wangu huu! Karani wa mashine aliacha kupiga chapa.

Akafunika kalamu yake nyekundu. Jumanne, saa nne, akasema. Nisipomwonyesha mafundi watatu, nirudishe kitabu.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani leo nimeombea reli. Mungu anisamehe, kulikuwa na wagonjwa wa kuombewa.

Baada ya ibada nimewapitia wote watatu. Ndeti haongei sana, ameitikia kwa kichwa. Shivachi atavaa shati safi. Okoth amesema nilete huyo mdosi wangu wa ofisini, atamwuzia sanduku. Roho imetulia kiasi. Senge ananiambia njia ya mwongo ni fupi. Basi yangu itakuwa ndefu, senge, maana sijasema uongo hata mmoja.

Jumanne, 10 Juni

Naandika kwa benchi ya Senge. Ngoja niandike kwa utaratibu.

Bwana Mburu alifika saa nne kamili. Suti. Tai. Faili jeusi. Na mimi mjinga sikumwambia aache tai nyumbani! Tulipopinda tu kona ya duka la makaa, mtu akapiga mluzi. Kanjo! Tulipofika hakuna Shivachi. Hakuna mapipa. Hata makaa wamebeba. Imebaki reli peke yake, maana hiyo huwezi kukimbia nayo.

"Nafuna," akaniita jina. Tena kwa upole! Afadhali angefoka.

Nikainamisha kichwa. Yeye akaizunguka reli polepole, akainama, akaweka kiganja juu yake — akakirudisha mbio! Akapuliza vidole. Akatazama juu. Mawingu matupu. Jua hatujaliona tangu juzi, huu ni Juni.

Moto ule si wa jua, ni wa vyuma vya Shivachi. Alivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaniuliza wa masanduku huingia saa ngapi. Saa sita, nikasema. Akatafuta kopo la rangi, akaligeuza, akakaa. Senge amempelekea kikombe cha uji, akitoka pale ananikonyeza.

Amefungua faili. Namwona ametoa fomu zangu mbili, zile za mstari mwekundu, ameziweka gotini. Kalamu iko mfukoni bado.

Saa sita kasoro dakika tano. Okoth amechungulia nyuma ya kibanda cha kinyozi! Nyundo anayo mkononi. Haji. Harudi. Nimempungia mkono, ananiangalia tu.

Bwana Mburu amemwona pia. Hajasimama. Amesogeza kopo lake nyuma kidogo, ameacha nafasi ya mtu mmoja mbele ya reli.